Siku Tano Nyuma ya Eunike

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimeanguka tena kutoka juu ya farasi. Mara ya nne mwezi huu, na leo ni tarehe tatu.

Miaka sita nazoa mavi ya farasi katika shamba hili la juu ya Shirimatunda. Kila wiki nawatazama wenzangu wakitoka getini na wageni, migongo imenyooka juu ya farasi, wanapanda kuelekea msituni. Mimi nabaki na toroli. Leo meneja katangaza kwamba anatafuta mtu mmoja wa kumsaidia Eunike kuongoza safari ya siku tano upande wa magharibi wa mlima. Majaribio Jumamosi. Siku tano nyuma ya Eunike! Nilijiandikisha kabla meneja hajafunga mdomo.

Mathew naye kajiandikisha. Huyu hupanda farasi bila kuweka miguu kwenye vikanyagio, huku anamenya chungwa. Simpendi.

Jumanne, 4 Juni

Eunike kajitolea kunifundisha! Kasema nakaza kiuno kama mtu anayengoja sindano, tena naangalia masikio ya farasi badala ya ninakokwenda. Akanipandisha juu ya Pasaka, yule jike mweupe mpole, akaondoa vikanyagio, akamzungusha kwa kamba ndefu. Akaniamuru nifumbe macho na kunyoosha mikono.

"Usimng'ang'anie, Elimringi. Mfuate tu."

Mizunguko mitatu! Mgongo wa Pasaka ukipanda, napanda nao. Ukishuka, nashuka nao. Nilisikia maji ya mfereji na pumzi ya farasi, basi. Sikumbuki ni lini niliwahi kuwa mwepesi vile. Nikafumbua jicho moja nione kama Eunike ananitazama. Alikuwa ananitazama. Nikaanguka.

Kasema nikifanya hivi kila asubuhi kwa miezi mitatu nitakaa vizuri. Miezi mitatu! Mimi nina siku nne.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi ya siri nyumbani. Farasi hatuna, ila tuna ng'ombe. Mama alipokwenda kukata majani nikampanda. Macho nimefumba, mikono nimenyoosha. Ng'ombe akatafakari kidogo, akalala chini.

Mama karudi kanikuta hivyo hivyo. Nikamwamkia shikamoo. Aliuliza kama hii ndiyo sababu nina miaka thelathini na tisa na sijaoa. Jioni maziwa yamepungua, na mtori wangu wa ndizi umepakuliwa bila nyama.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Gundi ya panya! Panya hata ahangaike vipi, hatoki. Nimeinunua kwenye duka moja la mtaa wa Soweto. Muuzaji aliuliza nina panya wangapi. Nikamjibu mmoja, mkubwa.

Usingizi haunijii kwa furaha. Namwona Eunike mbele yangu, mawingu yametanda, anageuka nyuma kuniuliza kama niko sawa. Namjibu niko sawa. Ndiyo yote. Sihitaji zaidi ya hapo.

Jumamosi, 8 Juni

Mathew alianza. Hakukosea chochote.

Zamu yangu. Nilikuwa nimeshalipaka tandiko gundi, kwa haraka, nyuma ya banda. Pasaka akaanza mchakamchaka. Sikutikisika! Meneja akatikisa kichwa kukubali. Eunike akatabasamu. Kwa nusu mzunguko nilikuwa yule mtu ambaye nimetamani kuwa kwa miaka sita.

Ila katika haraka ile nilisahau kukaza mkanda wa tandiko tumboni mwa Pasaka. Tandiko likaanza kuteleza upande. Mtu wa kawaida angeanguka. Mimi nikaenda nalo! Nikaishia chini ya tumbo la Pasaka, kichwa chini, natazama kwato. Mungu ambariki mnyama yule, alisimama palepale.

Eunike alipiga kelele kwa hofu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka alikagua mgongo wa Pasaka kwanza, halafu wangu. Suruali imebaki kwenye tandiko. Mathew akavua koti lake akanifunika mbele za wageni, bila kucheka hata kidogo. Sasa ndiyo simpendi kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Eunike, Mathew na wageni wameondoka saa moja asubuhi. Sikwenda ibadani.

Kabla ya kupanda farasi, Eunike alikuja bandani. Akasema ile mizunguko mitatu ya Jumanne nilikaa mwenyewe, hakuna kilichonishikilia. Akirudi tutaanza taratibu, kila asubuhi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nikamwambia safari njema.

Pasaka na mimi tulisimama getini mpaka wa mwisho akamezwa na mawingu. Pasaka akawaita. Nilimwekea mkono shingoni, nikamrudisha bandani.

Nimewaza mchana kutwa. Nimegundua kosa lilipo: makalio yalishikwa, miguu ikaachwa huru! Kesho naenda kwa fundi baiskeli wa Kwa Sadala, anayo mipira chakavu ya ndani. Ukifunga mguu huu na ule kwa kupitisha mpira chini ya tumbo la farasi, huwezi kuanguka kamwe.

Wanarudi Alhamisi. Muda unatosha kabisa.