Uzi Chini ya Sitaha ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Fundi Mkuu anastaafu mwisho wa mwezi. Ametangaza huku akikoroga chai, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. Miaka thelathini kwenye karakana hii ya boti, na sasa anataka kukaa nyumbani auguze goti lake. Hakusema nani atashika funguo. Tunaofaa ni wawili tu: mimi, mwenye miaka kumi na tisa hapa, na Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye minne. Minne! Na kazi nilimtafutia mimi mwenyewe. Sijui siku ile nilikuwa nimekula nini.

Nimepewa boti ya Mwalimu. Ni boti ya starehe, ya mbao, ya ghorofa mbili, imefungwa gatini kwetu. Aliachiwa na marehemu mumewe, na amehamia humo tangu alipostaafu kufundisha hesabu. Ukuta wa nyuma wa sebule ya chini umeoza wote, mlango na madirisha yake. Unatolewa, unajengwa mpya. Tatizo ni kwamba ukuta huo ndio uliobeba sitaha ya juu, na juu ya sitaha kuna meza, viti viwili na Mwalimu mwenyewe.

Shemeji kapewa usukani wa boti ya jirani. Nimeelewa mara moja. Huu ni mtihani. Atakayemaliza kwanza, funguo ni zake.

Jumanne, 4 Machi

Fundi Mkuu amepanda ngazi, pole pole, akipumzika kila kipandio, kuja kunipa maelekezo. Nguzo sita za kushikilia sitaha. Juu yake boriti moja ndefu, ili uzito usikae mahali pamoja. Nguzo zisimame juu ya mataruma, yaani mbavu zenyewe za boti, si juu ya mbao za sakafu. Kwa hiyo sakafu ifunuliwe kwanza. Kisha ubomoe nusu ya ukuta, uijenge, ndipo ugeukie nusu nyingine. Niliitikia kila neno. Moyoni nilikuwa nahesabu siku. Siku kumi na mbili! Usukani hauchukui hata siku kumi.

Halafu akafanya lile jambo lake. Akapigilia msumari ubavu wa kushoto wa sebule, mwingine ubavu wa kulia, akavuta uzi mweupe katikati, chini ya boriti ya sitaha. Akatoa mfukoni kijiti alichokichonga kwa kisu, akakisimamisha kati ya uzi na boriti. Kikaenea sawasawa. Kila asubuhi atakuja na kijiti. Siku kitakapokataa kuingia, sitaha itakuwa imeshuka. Macho yake hayaoni tena tarakimu za tepu, kwa hiyo anaamini kijiti na uzi.

Jioni Shemeji alichungulia, akauliza kama nahitaji mkono kufunua sakafu. Nikamshukuru kwa tabasamu pana. Anataka kujua nimefika wapi. Mimi si mtoto.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetumia akili. Sakafu ya Mwalimu ina misumari kama nyota, na juu yake kuna zulia analolipenda. Kuifunua ni siku mbili. Nikasimamisha nguzo zote sita juu ya zulia, kila moja na kipande cha ubao chini yake, kwa adabu. Ukuta nimeubomoa wote kwa mpigo. Kufikia saa kumi jioni sebule ilikuwa wazi, upepo unaingia, mapazia yanapepea. Nilijisikia mtu mkubwa.

Fundi Mkuu hakupenda kuona ukuta wote umeondoka. Aliguna. Akauliza kama nguzo zimesimama vizuri. Nikasema zimesimama imara. Sikusema zimesimama wapi, na yeye hakuinama kutazama, kwa ajili ya goti. Huo si uongo. Ni kuchagua maneno.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewahi kufika, nikiwa na kijiti changu nilichokichonga nyumbani kwa kipimo cha kile chake. Nikakisimamisha. Kimekataa. Nimekigeuza juu chini, kimekataa. Sitaha imeshuka upana mzima wa kidole. Mbao za sakafu zimebonyea, na nguzo zimezama kwenye zulia kama miguu kwenye matope.

Nilijua la kufanya. Kumwita, kumwambia, kufunua sakafu, kuanza upya. Wiki nzima. Shemeji akiwa tayari anapaka usukani rangi!

Nikasikia goti la Fundi Mkuu kwenye kipandio cha kwanza. Vipandio ni kumi na moja, na kwenye kila kimoja huvuta pumzi. Nikang'oa misumari miwili, nikaishusha upana wa kidole kimoja, nikaigonga kwa kisigino cha kiatu ili isisikike. Uzi ukakaa vizuri, umenyooka, mweupe, msafi. Akaingia. Kijiti kikaenea. Akaipapasa boriti, akasema, “Imetulia, mwanangu.” Kisha akateremka na vipandio vyake kumi na moja.

Nilikula maandazi mawili, nikarudi kazini.

Jumatatu, 10 Machi

Ukuta umesimama! Niliujengea bandani Jumamosi na jana, kwa kipimo cha uzi, tukauinua leo asubuhi watu sita. Ukaingia kama droo kwenye meza. Hata kabari moja haikuhitajika. Wapaka rangi wamepiga makofi. Nimeondoa nguzo na kulinyoosha zulia kwa mvuke wa pasi, pale nguzo zilipoacha mashimo sita.

Shemeji bado anasugua usukani. Aliitazama sitaha kwa muda mrefu akiwa chini gatini, ameinamisha kichwa upande mmoja. Akasema inaonekana imechoka. Nikamwambia aliyechoka ni yeye.

Nyumbani nilimwomba mke wangu tupige msumari karibu na mlango, wa kutundikia funguo. Aliuliza funguo zipi. Nikamwambia asubiri. Akasema kaka yake hana ugomvi na mimi, na hajui mimi nashindana na nani.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu amekuja ofisini. Amepoteza penseli tatu kwa siku mbili. Huzilaza mezani kule juu anapojaza chemsha bongo zake, nazo hubingirika kuelekea nyuma, zinadondoka majini. Kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, hakuishia kulalamika. Amepima mwendo wa penseli kwa saa ya mkononi na kuchora mchoro. Mchoro wenyewe ni mzuri mno, wa kuudhi. Chini yake ameandika kwamba kiti cha marehemu mumewe nacho sasa kimeegemea nyuma, na miaka yote hakikuwahi kuegemea.

Nilisema labda ni mawimbi. Mwalimu alinitazama kama mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

Tukapanda wote: Fundi Mkuu, Shemeji na mimi. Fundi Mkuu hakutazama ukuta wangu. Alienda ubavuni mwa sebule akapapasa kwa vidole mahali pa msumari. Juu ya msumari kulikuwa na tundu. Akatia ncha ya kidole. Akavuka upande wa pili, akalipata la pili. Nikaanza kueleza kuhusu unyevu na jinsi mbao zinavyoweza kusukuma msumari. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha Shemeji akasema tuinue kwanza sitaha, maneno yatakuja baadaye.

Jumamosi, 15 Machi

Siku tatu tumekuwa tukiinua. Shemeji ndiye aliyefunua sakafu, ndiye aliyelala kifudifudi kwenye maji machafu ya chini ya sakafu kuyatafuta mataruma. Nguzo zimesimama juu ya mbavu. Chini ya boriti kuna jeki mbili. Tumelegeza ukuta wangu, na sasa kati yake na sitaha kuna ufa wa kutia kipande cha ubao.

Kazi ya jeki nimepewa mimi. Fundi Mkuu hakai mbali. Ameletewa kiti, amekaa ubavuni kwangu, ananiambia robo mzunguko, kisha niache, niweke kiganja kwenye boriti, nisubiri. Ukilazimisha, mbao hupasuka. Ukisubiri, hukubali. Robo mzunguko, kiganja, kimya. Siku nzima namna hiyo. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya kumi nilisikia mlio mdogo ndani ya mbao, kama mtu anayejinyoosha kitandani, naye akasema, “Umesikia?” Nikasema ndiyo.

Nikakumbuka ndivyo alivyonifundisha kushika msumeno, kabla sijaoa, mkono wake juu ya wangu. Niliona aibu. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: niliona aibu kubwa, na nilitaka kumwambia, na nikamwuliza kama anataka chai.

Jumatano, 19 Machi

Sitaha imerudi mahali pake. Mwalimu ameweka penseli mezani mbele yetu sote. Tumeitazama dakika tano nzima, watu wazima wanne, na penseli haikusogea.

Baadaye Fundi Mkuu aliniita nyuma ya banda la mbao. Alisema funguo atampa Shemeji. Nilitegemea hilo, nilikuwa nimejiandaa, nina hotuba. Lakini hakuishia hapo. Alisema hapakuwa na mtihani wowote. Funguo zilikuwa zangu tangu mwaka jana, alishamwambia hata Shemeji, naye akafurahi. Boti ya Mwalimu alinipa kwa sababu ni kazi ya taratibu, na alitaka kazi yake ya mwisho iwe ya taratibu, akiwa karibu nami. Ndiyo maana alikuwa anapanda ngazi kila asubuhi na goti lile.

Hotuba sikuitoa. Nimekaa juu ya rundo la mbao hadi wenzangu wakafunga. Shemeji akaja akakaa kando yangu, akanimegea mkate wake. Alisema yeye hajui kuendesha watu, na kama sitakuwa msaidizi wake atazirudisha funguo. Nilikubali.

Nimemweleza mke wangu yote, na uzi, na misumari, na kisigino. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia kuanzia leo mimi ni mtu mwingine, kila kitu nitakisema kama kilivyo, hata kikiniumiza. Nimeapa, na nimemaanisha.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya mwisho ya Fundi Mkuu, siku ya kwanza ya Shemeji. Tumempa mzee kiti cha bembea. Amelia kidogo, nasi tumejifanya hatuoni.

Mwalimu alikuja na keki, na jambo lake. Anataka kutengeneza kibao kidogo cha shaba, kikae chini ya sitaha karibu na mlango, kumbukumbu ya mumewe na ya kazi nzuri. Maneno ameshayaandika: “Sitaha hii ilinyooshwa na…” Hapo pana nafasi. Akauliza, mbele ya watu, aandike nani.

Fundi Mkuu alikuwa anakata keki. Shemeji alitazama viatu vyake, kwa sababu ndivyo alivyo. Nilifikiria jibu la kweli, nikaona ni refu: lina watu watatu, mataruma, kiti, kulala kifudifudi. Kibao ni kidogo. Na kwa kweli mkono uliokuwa kwenye jeki ulikuwa mmoja. Huo si uongo.

Nikamtajia jina langu, herufi kwa herufi. Akaliandika.

Alasiri kibao kilikuja kutoka kwa mchongaji wa jirani. Shemeji, kwa kuwa sasa ndiye mkubwa, alisema atakifunga mwenyewe. Alipanda na bisibisi, akakishika kwa mkono mmoja, akaniuliza kama kimenyooka. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikafumba jicho moja, nikamwambia ainue kidogo upande wa kulia.