Shamba Nyuma ya Pazia

Wenzangu wa chuoni, leo nimeaibika mpaka masikio yamewaka moto.

Mnanijua. (Diploma ya ufugaji wa samaki, nimeitundika juu ya redio.) Tangu nirudi Kigali kutoka Tanzania sina hata kipande cha ardhi. Lakini sebuleni kwangu, hapa Nyakabanda, nina mabeseni mawili makubwa ya perege, na juu yake trei za kokoto zilizojaa dodo, ule mchicha wa huku. Pampu inapandisha maji ya samaki kwenye mboga. Trei ikijaa, mrija unayavuta yote kwa mkupuo, yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Hakuna udongo, hakuna jembe. Nimeunda mwenyewe, kwa mikono hii!

Saa nne asubuhi akaja mzee Gasana, baba mdogo wa mchumba wangu Speciose. Ametumwa kuona kama nina shamba la kumlisha binti yao. Akirudi na jibu baya, harusi hakuna.

Nilikuwa nimefunika kila kitu kwa pazia, nilifungue mwishoni, kwa hotuba. (Kurasa tatu.)

"Unaishi peke yako?"

"Peke yangu, Muzee."

Nyuma ya pazia: gwaaa! Krrrr!

Mzee akatega sikio. Amefanya kazi miaka mingi katika majumba ya matajiri kule Kiyovu. Sauti ya choo cha kuvuta anaijua.

"Basi tungoje atoke, tumusalimie."

"Nani, Muzee?"

"Huyo mwenye iko chooni."

"Hakuna mtu!"

Gwaaa! Krrrr!

"Masikini. Tumbo iko inamusumbua."

Ningefungua pazia pale pale. Lakini hotuba je? Nikaanza ukurasa wa kwanza. Trei ya pili ikanijibu. Mzee akasimama, uso umebadilika.

"Kijana, umeficha mwanamuke!"

Akalivuta pazia kwa fimbo. Fimbo ikanasa kwenye bomba. Jamani! Trei ikapinduka, beseni likafuata. Maji mpaka mlangoni, perege wanarukaruka kwenye zulia, na mimi mwenye diploma natambaa nikiwakamata kwa sufuria. (Mmoja aliingia kwenye kiatu cha mzee.)

Mzee akainama. Akaokota shina la dodo lililomwangukia begani, akaitazama mizizi yake: myeupe, haina chembe ya udongo. Akatafuna jani.

"Hii imeota humu ndani?"

"Humu humu, Muzee."

"Sha! Miaka yote ninalima, sijaona kitu kama hii."

Akavua koti, akapiga magoti, tukawakamata perege pamoja. Wote wazima! Trei iliyobaki ikalia tena gwaaa! na mzee akaangua kicheko.

Akiaga mlangoni, kiatu kikimlia chwa-chwa, akasema: "Nitawaambia shamba nimeliona, na ni zuri kuliko langu. Lakini siku ya harusi, huyo mwenye tumbo umufungie mbali."

Hotuba imelowa yote. Na atakayecheka hapati kadi.