Kaa wa Mzee Mkaguzi

Jumatatu, 4 Machi

Nimemwahidi mtu kaa. Si wa kula. Wa jina.

Ilikuwaje? Nendeni mkauulize mdomo wangu. Jana nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake Nesi, msichana ninayetaka kumwoa kabla hajapata akili ya kutafuta mwingine. Mzee alikuwa mkaguzi wa shule maisha yake yote. Amestaafu kazi, macho hayajastaafu. Anakutazama kama daftari lisilo na pambizo. Akauliza nafanya kazi gani. Nikajibu niko kituo cha utafiti wa viumbe wa maji baridi. Akauliza viumbe gani. Kaa, nikasema. Akauliza kama ni kweli mtu mzima, na vyeti vyake, anaamka asubuhi kwenda kuchunga kaa. Mdogo wake Nesi alicheka mpaka akatoka sebuleni.

Hapo mdomo ukaondoka bila mimi. Nikamwambia tumegundua kaa mpya, dunia haijapata kumwona, na kwamba mimi ndiye nitakayempa jina, na jina lenyewe ni lake yeye Mzee. Litakaa vitabuni milele.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kumwona huyo kaa, na jibu kuhusu binti yake atanipa hapohapo. Kisha akaagiza niongezewe chai! Nesi alinitazama kwa lile jicho analowatazamia wagonjwa wanaosema dawa wameshameza.

Sasa kaa mpya lazima apatikane. Hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 5 Machi

Amepatikana! Tena alikuwa chumba cha matangi siku zote, ananitazama.

Kaa wetu wametoka vijito viwili, kimoja upande wa mashariki wa mlima, kingine magharibi. Wa mashariki wako matangi ya ukuta wa kushoto, wa magharibi ukuta wa kulia. Leo nilipokuwa nasafisha vioo nikaona jambo ambalo wasomi wote wamelipita. Katika kila tangi wapo wekundu na wapo wa kahawia! Wamechanganywa ovyo, kama viatu mlangoni pa msiba. Spishi mbili, wazi kabisa. Wa kahawia ni wale wa zamani. Mwekundu ndiye mpya. Na ana uso wa hasira, mkaguzi mtupu.

Nikakimbia kwa Daktari, bosi wetu. Akasikiliza huku anapakia begi la safari. Akasema rangi si hoja, watu wa tumbo moja hutofautiana rangi pia. Kinachotenga spishi na spishi tutakiona kwenye jeni, na miguu ya kaa ilikwishapelekwa kupimwa mwezi jana. Akaongeza kwamba kaa wa maji baridi hana watoto wa kuelea na kuchukuliwa na maji. Mtoto anatoka yaini akiwa kaa kamili, anaishi pale alipozaliwa, kwa hiyo mlima mmoja tu unatosha kuzitenga koo mbili mpaka zikasahauliana.

Niliitikia kwa kichwa kila sentensi. Sikuelewa hata moja. Mwenzangu Kalamu Tatu, anayetembea na kalamu tatu mfukoni na hajawahi kumwazima mtu hata moja, aliitikia pia. Lakini yeye alikuwa anaandika. Mnafiki.

Jumatano, 6 Machi

Daktari kasafiri mpaka Jumatatu. Kalamu Tatu kaenda kung'olewa jino. Mungu akikupa, hakuandikii barua.

Nimepanga upya chumba kizima. Wekundu wote kushoto. Wa kahawia wote kulia. Vibandiko vya zamani, vya mashariki na magharibi, nimevibandua nikabandika vipya vyenye herufi kubwa: WEKUNDU, KAHAWIA. Nimebanwa vidole mpaka glavu zimekuwa nyavu. Wachache walikuwa na rangi isiyoeleweka, si hivi si vile. Hao nimewagawa kwa busara.

Chumba kinapendeza! Sasa hata mtoto wa chekechea akiingia ataona mpaka wa spishi kwa macho yake. Daktari atashangaa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nilitaka ushahidi wa kumaliza ubishi. Niliwahi kumsikia Daktari akisema spishi mbili tofauti kwa kawaida hazioani. Basi! Nikachukua dume jekundu na jike la kahawia, nikawatia kwenye beseni nyuma ya stoo, nikakaa na saa nione wanavyochukiana.

Hawakuchukiana.

Loo! Walikumbatiana papo hapo, tumbo kwa tumbo, bila salamu wala aibu. Nikajaribu kuwaachanisha kwa koleo. Wapi! Nikamwambia yule jike anajidhalilisha, anaharibu maisha ya mtu. Nikageuka, Kalamu Tatu huyo mlangoni, shavu limevimba. Akauliza kwa nini namgombeza kaa. Nikamjibu ni sehemu ya jaribio. Akaenda zake akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nimekata shauri kwamba wale wawili wamechanganyikiwa na joto. Jaribio halihesabiki.

Jumatatu, 11 Machi

Majibu ya jeni yamekuja. Daktari alituita ofisini, uso umejaa furaha, akatangaza: spishi ni mbili! Moja mpya kabisa!

Nikaruka. Nikamkumbatia Kalamu Tatu. Najuta mpaka sasa.

Maana Daktari aliendelea. Si wekundu na kahawia. Rangi haina maana yoyote, hupatikana pande zote mbili. Wa mashariki wote, wekundu kwa kahawia, ni spishi ile inayojulikana. Wa magharibi wote ni wengine. Ukiwaweka pamoja huwezi kuwatofautisha kwa jicho, hata gamba ukilipima, lakini ndani ya damu wametengana zamani mno. Nikauliza: yaani wanaofanana si wamoja, na wasiofanana ndio wamoja? Akasema ndiyo, hatimaye nimeelewa. Sijaelewa. Nimerudia tu maneno yake.

Akainuka kwenda kuwatazama hao wa magharibi. Tulimfuata. Akafungua mlango. Akasoma WEKUNDU. Akasoma KAHAWIA. Akasoma tena.

Siyaandiki aliyoyasema. Karatasi nayo ina heshima zake. Aliuliza nani kapanga, Kalamu Tatu akatazama dari. Nikajibu kwamba ilikuwa kwa ajili ya usafi. Daktari akakaa sakafuni. Mtu mwenye shahada zote zile, sakafuni! Akasema spishi mpya duniani imo chumbani humu na hakuna mtu anayejua ni ipi. Akanitazama, akarudia: hakuna. Nikatamani kuwa uduvi.

Jumanne, 12 Machi

Adhabu. Kila kaa apewe chombo chake na namba yake, atolewe mguu mmoja, mguu upelekwe kupimwa upya. Daktari anasema kaa haumii sana, mguu anauachia mwenyewe na utaota tena. Mimi vidole vyangu haviwezi kusema hivyo.

Kalamu Tatu kapewa kazi ya kunisaidia. Anaandika namba, mimi nakamata. Anaimba puani siku nzima. Ananikera!

Nikamuuliza Daktari majibu lini. Mwisho wa mwezi. Mzee anakuja Jumamosi! Nikamuuliza tena, kwa sauti ya chini, jina je. Akasema anafikiria kumpa jina la kijito chake. Nikashauri kwamba jina la mtu lina heshima zaidi. Mtu gani, akauliza. Nikakohoa mpaka akaondoka.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepata dawa! Rahisi hivi, sijui kwa nini nilihangaika. Nusu ya kaa hawa ni wapya. Basi nikichagua yeyote, huenda ndiye. Nimemchagua mwekundu mmoja mkubwa, mwenye macho ya kuuliza maswali, nikamweka peke yake kwenye tangi la kioo safi lenye mchanga na jiwe. Nimembandikia jina la Mzee kwa herufi za kuchora.

Kalamu Tatu akauliza nimejuaje kwamba ndiye. Nikasema kwa sura. Akauliza je, kama siye. Nikamjibu hakuna anayeweza kujua, hata kaa mwenyewe hajui. Akairudisha kalamu mfukoni. Kwa mara ya kwanza nimemshinda kwa sayansi.

Jioni Nesi akapiga simu. Anauliza, kaa yupo kweli? Nikasema wapo wengi. Akasema hakuuliza hivyo. Akaniambia baba yake amewaeleza majirani wote, na kinyozi, na wakaguzi wenzake wa zamani, na kwamba tangu asubuhi anapiga pasi koti moja. Akauliza tena kama kaa yupo. Nikamwambia mtandao unakatika.

Nimejisikia vibaya. Sijui kwa nini, mpango ni mzuri.

Jumamosi, 16 Machi

Alikuja na koti lile la ukaguzi. Viatu vinang'aa. Aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu, mikono mgongoni, akalisoma jina lake. Nikamwona akitabasamu. Mzee yule! Meno nimeyaona!

Kisha ukaguzi ukaanza. Akauliza kaa wake anatofautianaje na wale wengine wekundu pale ukutani. Nikasema kwa nje hatofautiani. Kwa ndani je? Kwa ndani sana, nikasema. Umemwona ndani? Nikaanza habari za mlima, na watoto wasioelea, na watu wa tumbo moja, nikapotea katikati, nikajikuta nasema kwamba wote ni ndugu isipokuwa wale wanaofanana.

Daktari akaingia. Jumamosi! Mtu hana kwake? Mzee akamwamkua kwa adabu, akamuuliza yeye. Naye, hana hili wala lile, akamweleza yote vizuri tu: kaa mpya yupo, lakini walichanganywa, yupi ni yupi hajulikani, na jina halijaamuliwa.

Mzee akanigeukia. Akauliza kama ni kweli. Nikasema kwa kiasi. Akauliza kiasi gani.

Nikaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Akasema mtu anayepanga viumbe kwa rangi, akipewa binti wa watu, siku mdogo wake akivaa gauni lake atamjuaje mkewe ni nani? Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akaondoka.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Ndiyo, nimelia, na mambo ya kwamba mwanamume halii wakasimuliane wengine. Nampenda Nesi. Kalamu Tatu akaleta chai, akaiweka chini, akatoka. Lazima ana lake jambo.

Jumapili, 17 Machi

Nesi alikuja. Hakuketi. Akasema baba yake hakuwa na haja ya kaa. Kazi yake yote watu walimwogopa, shule zikipigwa deki akisikika njiani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kumpa jina la kitu. Nilipomwambia, alifurahi kama mtoto. Na leo alipokwenda kwa kinyozi wakamuuliza habari za kaa wake, akasema amekufa.

Hilo la amekufa limenichoma. Nimetamani ardhi ipasuke.

Lakini Nesi akasema baba yake atanipokea mara moja tu zaidi, Jumapili ijayo, nije na mjomba wangu. Sharti moja. Nisiahidi kitu chochote. Niseme kilichopo, ninyamaze. Akaongeza kwamba sharti hilo ni la baba yake na ni lake pia, na mimi nikilivunja yeye hatakuwa na la kunitetea.

Nimeapa kwa yote ninayoyaheshimu. Sitaahidi kitu tena. Ng'o!

Jumapili, 24 Machi

Mambo yamekwenda kama mchezo! Mjomba kaongea kidogo, mimi kidogo zaidi. Nilisema nina chumba cha kupanga. Nilisema kazi yangu ni kusafisha matangi ya kaa na kwamba niliwahi kuwachanganya. Nilimwomba Mzee radhi mbele ya wote, kwa kumwahidi nisichokuwa nacho na kumfanya aseme uongo kwa kinyozi. Mzee akasema walau leo pambizo imeonekana. Kisha akasema amekubali. AMEKUBALI! Mjomba akanipiga mgongoni karibu nitapike. Nesi alicheka, macho yamejaa maji.

Tukaletewa chai na mama yake Nesi, ambaye siku zote hizi hajasema neno. Akinimiminia, akasema hivihivi tu, kwa utani, kwamba katika nyumba hii ni wanaume peke yao wanaotafutiwa wadudu wa kuitwa majina yao.

Ni utani tu. Kila mtu alicheka. Nami nilicheka. Halafu nikasikia sauti ikimwambia Mama kwamba kumbe kuna uduvi mpya, mzuri mno, katika kile kijito cha magharibi, na kwamba mwezi ujao atakuwa na jina lake. Sauti ilikuwa yangu.

Mjomba aliweka kikombe chini. Nesi akafumba macho. Mzee akamwambia mkewe asubiri kwanza kuwaambia majirani.

Wamejitia hofu bure. Kaa walinishinda kwa sababu wana gamba, mtu huwezi kuona jeni. Uduvi wako tele ndooni kule stoo, na mwili wao unaonyesha mpaka ndani. Kesho nawahi kazini kabla Daktari hajafika. Nitawapanga kwa ukubwa.