Mtihani wa Kutulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimetukanwa! Tena kwa barua yenye muhuri! Mwalimu mkuu anasema mjukuu wangu Cheche, miaka minane, hatulii darasani, hamalizi kazi, anapoteza penseli mbili kwa siku. Akapimwe na daktari. Ugonjwa wenyewe jina lake herufi nne, za kukohoa tu. Karatasi ya daktari isipofika shuleni kabla ya kufunga muhula mwishoni mwa Machi, Cheche anarudia darasa.

Barua ilikuja miezi mitano iliyopita, na muda wote huo binti yangu anasubiri nafasi hospitali. Alinificha. Eti alijua nitakavyokuwa. Nitakuwaje? Mimi mtu mtulivu! (Nimepiga meza kidogo. Kikombe kimeanguka chenyewe.) Siku ya kupimwa ni Jumatatu ijayo.

Mkwe mwenzangu, mama yake baba Cheche, naye alikuwepo. Kafundisha shule miaka thelathini, mimi namwita Bi Chaki. Akasema ni jambo jema, mtoto atasaidiwa. Nikamuuliza kwa adabu zote, hii damu ya kurukaruka imetoka upande gani. Akaangalia mguu wangu. Mguu ulikuwa unacheza. Ulikuwa unacheza kwa hasira!

Basi nimeapa. Hakuna wa damu yangu atakayepimwa akafeli. Siku saba zinatosha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mimi ni fundi makochi, mwaka wa arobaini sasa. Niliwahi kutengeneza kiti, akakalia hakimu, akalala, mshitakiwa akajiondokea zake. Kwa hiyo mambo ya kukaa nayajua kuliko daktari yeyote.

Nimechukua kochi nililolivua kitambaa na sponji, limebaki springi na gunia. Ukipumua vibaya linalia kwiii! Nikamkalisha Cheche juu yake. Sheria moja: kochi lisilie. Dakika tano, vilio arobaini. Mpita njia akachungulia mlangoni akauliza nimeanza kufuga bata lini. Nikamwambia nimeanza leo, na yeye aingie nimhesabu.

Cheche alicheka mpaka akaanguka. Hicho kilikuwa kilio cha arobaini na moja.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi! Daktari alituma fomu ya kujaza nyumbani. Binti yangu alirudi kazini kachoka, macho mekundu, nikamwambia mama pumzika, baba yako ataijaza kwa ukweli mtupu. Akanishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Zikapita.

Shule niliiacha darasa la pili, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kuelewana. Lakini nasoma. Nasoma kama mtu anayekula samaki wa miiba, polepole na kwa mashaka. Maswali ishirini. Unachagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara.

Mtoto hupoteza vitu? Kamwe. (Kiatu kiko juu ya paa, tunakiona, kwa hiyo hakijapotea.) Hukatiza wenzake wakiongea? Kamwe. Huwa anawaokoa. Huanza kazi akaiacha njiani? Kamwe, labda kazi yenyewe iwe mbaya. Nikaweka kamwe ishirini, zimepangika kama misumari ya pembeni mwa kochi. Chini wakauliza kama kwenye ukoo kuna mwenye hali hii. Nikaandika: Upande wa baba. Wote.

Bahasha nimeifunga kwa gundi ya kazini. Gundi ile haifunguliwi na binadamu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Robo saa! Robo saa nzima kochi halijalia! Cheche kakaa mikono mapajani, shingo wima, kama picha ya kitambulisho. Mimi nikampigia hadithi ya yule hakimu, ndefu, yenye nyongeza mpya. Mwisho nikamuuliza hakimu alilala saa ngapi. Akauliza hakimu gani.

Hakusikia hata neno! Akanieleza, taratibu, kama mimi ndiye mtoto: Babu, nikitulia siwezi kusikia, na nikisikia siwezi kutulia, chagua moja. Nikamwambia tulia. Kusikia hakuonekani.

Halafu akauliza, akishafaulu, ataacha kusahau? Na wenzake wataacha kumwita Chizi? Nikamwambia anyooshe mgongo. Maswali gani hayo ya kumuuliza mtu mzima ana misumari mdomoni! Nilipoitoa nikaihesabu yote, mara mbili.

Bi Chaki alipita jioni kuleta sweta. Kamkuta mtoto juu ya springi. Akasema mzee mwenzangu, daktari anataka kumwona mtoto alivyo, hataki maonyesho. Wivu. Wivu mtupu wa mtu ambaye wanafunzi wake hawakuwahi kutulia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sitaki hata kuandika. Naandika.

Daktari mwenyewe binti mdogo, viatu vya mpira, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha kichanga. Chumba kidogo, meza fupi, vipande vya mbao vya rangi. Nikaingia na binti yangu na Cheche, kwa nguvu ya umri wangu.

Cheche akakaa. Daktari akamuuliza jina. Kimya. Akamwomba ayarudie maneno matatu. Kimya. Akamwaga vipande vya mbao sakafuni, kwa makusudi, namjua mtu anayemwaga kwa makusudi. Cheche hakugeuza hata jicho. Sanamu! Nikamkonyeza binti yangu. Binti yangu hakukonyeza. Alikuwa anamwangalia mwanawe, na mwanawe chozi linashuka shavuni, halifutwi, kwa sababu kufuta ni kusogea.

Daktari akaifungua bahasha yetu kwa mkasi, tena ikamchukua muda. Akaiweka pembeni ya fomu ya shule. Ya shule imejaa kila mara. Ya kwetu imejaa kamwe. Akauliza, kwa upole, kama tunaongelea watoto wawili.

Hapo Cheche akaninong'oneza, midomo haitikisiki: Babu, muda umeisha? Nimefaulu?

Daktari akauliza kufaulu nini. Cheche akatoboa yote! Springi, gunia, bata, siku za mazoezi, kila kitu. Mtoto hajui siri huyu!

Daktari akasema kwa alichokiona leo hawezi kuandika chochote. Nafasi nyingine ni baada ya wiki saba. Shule inafunga baada ya tatu. Njia nzima binti yangu hakusema neno. Afadhali angenitukana, ningejibu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Binti yangu anaongea nami kwa vyombo. Bakuli la uji ameliweka mezani ka! Nimeelewa vizuri.

Cheche akaniuliza kama alifeli kwa sababu alipumua sana. Nikamwambia hapana, kupumua kunaruhusiwa. Nikataka kuongeza kichekesho. Hakikuja. Mimi! Kichekesho kikakosa kuja!

Nikavaa koti, nikaenda hospitali kumpa daktari vidonge vyake. Wiki saba! Tumekuwa magunia, tusubiri stoo? Nesi akasema nikae. Nilisubiri saa tatu nzima na sikukaa hata dakika, viti vyao vimejazwa sponji la aibu. Daktari akatoka kwenda kula, nikamzibia mlango. Nilikuwa na maneno makali kumi na mawili. Akaniwahi na swali moja: babu, Cheche akiwa nyumbani yukoje?

Sasa hapo nani atanyamaza? Nikamwambia nilivyomtuma nyundo, akarudi na kifaranga. Akikata kitambaa anakata kona moja vizuri kunizidi, kona ya pili hayupo. Alivyolia usiku wa kuamkia mtihani wa shule kwa sababu maneno ya kitabu yalikuwa yanamkimbia. Alivyonirekebishia mashine ya kushonea kwa kusikiliza tu mlio, halafu akausahau mkasi ndani. Daktari akacheka pahali pa kuchekea, mtu aliyelelewa vizuri. Na anaandika! Kurasa tatu! Kila nikinogesha anauliza, babu, hii ni kweli? Nikisema nusu, anafuta nusu. Hakimu kamfuta mzima.

Mwisho akasema njooni Alhamisi, atatumia saa yake ya chakula. Sharti: mtoto asifundishwe chochote. Na mimi nibaki nje na samaki wao wa kwenye kisanduku cha kioo.

Nje! Na samaki!

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kile kisanduku cha kioo cha pale mapokezi kina samaki tisa, mmoja mvivu. Nimewajua wote. Sikio moja mlangoni: Cheche anacheka, kitu kinaanguka, Cheche anaeleza habari za kifaranga, anaacha katikati, anauliza hilo feni linatengenezwaje.

Wakaniita mwisho. Daktari akasema hali hiyo anayo. Si utundu, si uzembe, na akili anayo tele. Ataiandikia shule: akae mbele, apewe kazi fupi fupi, aruhusiwe kusimama. Kurudia darasa hakuna sababu. Cheche akauliza, kwa hiyo mimi si chizi? Daktari akasema si chizi hata kidogo. Cheche akaruka, akaangusha chungu cha maua. Binti yangu akalia akiokota udongo, halafu akanishika bega. Akasema baba, twende nyumbani. Neno la kwanza tangu Jumatatu.

Lakini mmeona? Hakuna aliyeyataja mazoezi! Nani alimkaza mgongo yule mtoto? Bi Chaki anadai zilizosaidia ni zile hadithi zangu. Za bure zile! Kazi ya kitaalamu ilikuwa springi.

Daktari akauliza tena hali hii imetoka upande gani wa ukoo. Wote wakageuka kuniangalia. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Picha yao ya ukutani ilikuwa imepinda!

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Tusi jipya! Binti yangu na Cheche wameenda kuchukua karatasi yenye muhuri, wamerudi na nyingine yangu. Eti jana daktari aliniona nikisoma karatasi yake kwa mbali, mkono umenyooka mpaka umeisha. Jumatatu nikapimwe macho. Macho yakikutwa mabovu, nivae miwani, na bila miwani binti yangu ananinyang'anya mkasi. Mimi! Niliyewahi kutunga uzi kwenye sindano nikiwa nakimbizwa na mbwa!

Lakini jana daktari alipoyataja macho yangu mlangoni, nilinusa hatari. Nimeshauliza: wanakuonyesha herufi ukutani, unazitaja. Basi Cheche nilikuwa nimemtuma akiwa hukohuko achungulie chumba cha macho, azikariri zote, aniletee.

Karudi na herufi tatu na habari ndefu ya yule samaki mvivu, kumbe ana mimba.

Tatu zinatosha. Mstari wa juu ninao. Kuanzia sasa mpaka Jumatatu ni mazoezi.