Kidirisha cha Ghala na Karakana

Jumatatu, 3 Juni

Leo ndiyo leo! Meneja katangaza nafasi ya Mratibu wa Mawasiliano. Ofisi yenye dirisha! Meza yenye droo inayofungika! Kasema Ijumaa atamteua yule atakayezifanya idara za kiwanda chetu cha vitanda zielewane. Akisema hayo alinitazama mimi. Au saa ya ukutani iliyo juu ya kichwa changu. Vyovyote vile, nilikuwepo.

Nimemwambia mke wangu nafasi ni yangu. Kosa! Kampigia simu mama yake palepale. Mama mkwe anakuja Ijumaa kuiona ofisi kwa macho yake. Nisipoipata, nimekwisha.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua chanzo cha matatizo yote. Kidirisha! Kati ya ghala na karakana kuna kidirisha cha ukubwa wa mto wa kulalia. Fundi mkuu hupenyeza kichwa na kupiga kelele kwamba anataka gundi. Mtunza ghala humtukana kidogo, kisha humpa. Hakuna maandishi, hakuna kumbukumbu. Sokoni kuna afadhali.

Nimekipima vizuri, nimekipigilia ubao. Juu yake nimetundika sanduku. Sheria ni moja tu: kila ujumbe uandikwe kwenye kikaratasi, na kila ujumbe ujibiwe kwa maandishi kwanza kwamba umepokelewa, kabla ya jambo lingine lolote. Vyote vipitie kwangu.

Fundi mkuu kaniuliza ubao nimeutoa wapi. Sikumjibu. Hakuwa ameandika.

Jumatano, 5 Juni

Kichwa kinaniuma. Karakana iliandika kuomba gundi. Ghala ikajibu kwamba imepokea. Karakana ikajibu kwamba imepokea kupokea kwa ghala. Na huo nao ni ujumbe! Hadi saa kumi jioni nimebeba vikaratasi themanini na sita, vyote vya kupokeana. Gundi haijatoka. Kesho vitanda thelathini vya bweni la shule vinatakiwa.

Nimeisoma sheria mara tatu. Hakuna aliyekosea. Aliyeiandika ana akili nyingi mno, mimi mwenyewe simwelewi.

Mke wangu anasema mama yake anashona pazia la dirisha la ofisi, anataka vipimo. Nimempa vya kidirisha. Ndivyo pekee nilivyokuwa navyo.

Alhamisi, 6 Juni

Mambo ya ajabu. Sandukuni hamna hata kikaratasi kimoja. Nikadhani wamegoma. Kwenda karakana, nakuta vitanda ishirini na tisa vimesimama, gundi bado mbichi! Nikauliza gundi imepitia wapi. Kila mtu anasema hajui. Ninachokiona ni kwamba watu wanakunywa chai kupita kiasi. Mama wa chai kapita mara kumi na nne, leo pekee. Safari moja alikuwa na kopo la gundi kando ya birika. Labda birika linavuja, maskini.

Kitanda cha thelathini kimepungukiwa chaga moja ya kubebea godoro. Fundi mkuu anamsaka mwizi. Nimeutazama ule ubao wangu wa kidirishani, kisha nimemuunga mkono kwa nguvu zote.

Ijumaa, 7 Juni

Meneja katukusanya. Kasema hajawahi kuona idara zikielewana namna hii. Mtunza ghala akaongeza kwamba ni kweli, zamani walikuwa wakitukanana wao kwa wao, sasa wote wananitukana mimi. Nikaona hapo ndipo pangu. Nikasimama, nikanyoosha tai.

Akatajwa mama wa chai.

Mama mkwe kaingia wakati huohuo, pazia mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikampeleka ofisini hivyo hivyo, nikiomba pawe patupu. Mama wa chai alikuwa keshakaa, na droo keshaifunga. Wakapatana kama dada wawili. Pazia halikufika hata robo ya dirisha. Fundi mkuu kang'oa ubao wangu, katambua chaga yake. Kisha kalitundika pazia kwenye kidirisha. Limekaa sawasawa!

Mama mkwe kaniuliza mbele ya watu wote kazi yangu hasa ni ipi. Iliniuma sana. Nikamwambia swali hilo aliandike kwanza.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu na mama yake hawasemi nami. Wako jikoni tangu asubuhi, wanaongea wote kwa pamoja, mimi huku sebuleni naambulia vipande tu. Hakuna maandishi, hakuna kumbukumbu.

Nimepata jibu! Tatizo halikuwa sheria, tatizo lilikuwa watu wa kiwandani. Sanduku nilikuja nalo nyumbani jana. Nimelipigilia kwenye mlango wa jikoni, nikawasomea sheria kwa sauti. Saa saba nikatumbukiza kikaratasi cha kwanza, naomba chakula. Kufumba na kufumbua, jibu hili hapa, mwandiko wa mama mkwe: tumepokea.

Mfumo unafanya kazi! Nimewaandikia kwamba nimepokea.