Pakiti ya Kijani Juu ya Injini

Jumatatu, 12 Mei
Kiwanda cha roketi hapa Hsinchu, Taiwan, kitachukua mwanafunzi mmoja likizo hii. Mmoja! Nikikosa, uhandisi wangu wa anga utaishia kwenye madaftari. Tumebaki mimi na Shen Yu-tong, anayeongea na wakubwa bila kutetemeka. Mimi shuleni nasomeshwa kwa lugha mbili na naona haya kwa zote mbili. Ijumaa tutawasha injini zetu ndogo shuleni, mbele ya darasa na mhandisi wa kiwanda, ambaye sote humwita Kaka Jui-lin.

Jumanne, 13 Mei
Nimenunua vitafunwa vya nazi, pakiti ya kijani. Hapa kwetu huwekwa juu ya mashine kwa bahati, ili isilete ukaidi. Tarehe ya kuisha haijapita, nimekagua mara tatu. Ya manjano ni mkosi. Nimenunua na ya manjano. Sisemi kwa nini.

Jumatano, 14 Mei
Basi nasema. Yu-tong naye alikuwa na ya kijani juu ya injini yake; nimeiondoa, nimeweka ya manjano. Jioni yote nimekuwa nikiinyoosha yangu ikae katikati.

Alhamisi, 15 Mei
Yu-tong kaiona. Kacheka, kauliza ni zuzu gani huyo asiyejua rangi. Kisha kaifungua, kaila! Akanisukumia, eti kula bwana, mbona umekonda hivyo. Nimekula ushahidi. Ulikuwa mtamu.

Ijumaa, 16 Mei
Yake ilinguruma sekunde nane. Yangu kimya. Kaka Jui-lin akauliza, haya mdogo wangu, ulikagua nini? Nikasema tarehe ya pakiti. Na kingine? Rangi. Akapima betri ya kuwashia injini: tupu! Akasema pakiti huja baada ya kazi, haifanyi kazi. Darasa zima likacheka. Nafasi kapewa Yu-tong, na ni yeye huyohuyo aliyenitetea, eti mwacheni ajaribu tena. Nilitamani ardhi ipasuke. Kaka kakubali: Jumatatu saa nne asubuhi. Ikiwaka, ataniombea nafasi ya pili. Nichaji betri tu, basi.

Jumapili, 18 Mei
Nilishika chaja, kisha nikafungua kwanza kalenda ya bibi ya siku njema na mbaya. Bahati yangu! Leo ni marufuku kuanza jambo lolote. Kesho ni njema, lakini kuanzia saa tano asubuhi. Kwa hiyo saa tano kamili nachaji. Safari hii sikurupuki. Nalala kwa amani.