Dakika Kumi na Saba za Kumnunia Bosi

Jumatatu, 4 Novemba

Barua imekuja. Mazungumzo yangu ya mwaka na bosi ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Safari hii atanitambua! Miaka kumi na tisa nimeoka mikate mitamu ya iliki katika jiko la nyumba hii ya wazee. Mji mzima wa Kuopio hakuna anayenifikia, na sisemi kwa kujisifu. Mwezi wa nane huyo bosi, Henrikka, umri wa kumzaa kabisa, akapanga zamu upya. Oveni akampa mwenzangu Marketta. Mimi nikatupwa chumba cha kuoshea vyombo. Mimi!

Kuna pia fomu ya kujaza. Unaionaje kazi yako, ungependa nini kibadilike. Nimeirudisha tupu. Atetemeke.

Jumanne, 5 Novemba

Saimi kapiga simu kutoka Tampere. Binti yangu ni fundi wa lifti. Watu wanapanda ghorofa ishirini na moja kwa mikono ya mwanangu, na akili hiyo hakuitoa kwa baba yake. Nikamweleza mpango: nitamnunia Henrikka mpaka aone haya, anirudishie oveni yangu. Akasema, Mama jamani, bosi si mpiga ramli, mwambie tu unachotaka. Watoto wa siku hizi! Niombe kilicho changu? Marehemu baba alimnunia kaka yake miaka kumi na moja kwa ajili ya mtumbwi. Mwaka wa tisa yule kaka alianza kuhisi kitu.

Jioni nikamfanyia mazoezi mume wangu, Taisto. Supu ya samaki mwanzo hadi mwisho, sikutoa neno. Jicho kali. Akashukuru kwa chakula, akaenda kuwasha sauna. Bila kutumwa! Dawa inafanya kazi.

Jumatano, 6 Novemba

Marketta kaniletea trei tano zilizoungua nisugue. Eti, "Shoga, mikono yako hiyo hata masizi yanaiogopa!" Akacheka peke yake. Akaniachia mikate miwili kwenye sahani. Nimeula mmoja, kwa ajili ya ushahidi tu. Wa pili vilevile.

Mzee Urho wa chumba namba sita kanitumia salamu. Mikate ya sasa anailoweka kwenye kahawa hadi taarifa ya habari iishe, na bado ni jiwe. Anauliza narudi lini, maana ana miaka tisini na nne na hana muda wa kuchezea. Mzee wa watu! Nimemjibu: kesho jambo hili linakwisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimevaa sweta ya bluu. Henrikka akamimina kahawa. Nikaisukuma kando. Kukataa kahawa kazini, kwetu ni tusi! Bora ningempindulia meza. Akauliza kama tumbo linanisumbua. Nikatikisa kichwa.

Akauliza kazi inaendaje. Nikatazama theluji dirishani. Kimya. Dakika mbili. Akanyamaza naye. Nikakaza midomo. Dakika nane. Mabega yake yakalegea, akavua viatu chini ya meza. Nikajua anaporomoka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna chochote, hata kidogo, ningependa kibadilike katika kazi yangu. Hapo ndipo nilipotoa kimya changu kizito kuliko vyote. Kilikaa mle chumbani kama kabati.

Dakika ya kumi na saba, machozi! Yake, si yangu. Akanishika mkono, akasema ahsante, Mama Kyllikki. Akaandika kitu, nikatia saini. Sikusoma. Mshindi hatafuti miwani.

Ijumaa, 8 Novemba

Wizi! Uonevu! Karatasi niliyotia saini inasema: "Ameridhika kabisa. Hataki mabadiliko yoyote."

Si hilo tu. Marketta katika mazungumzo yake amelia dakika arobaini kwamba bega linamuuma, haiwezi oveni. Kakubaliwa! Kuanzia Januari oveni iko wazi, na tangazo la kumtafuta mtu wa nje limebandikwa karibu na kabati langu. Marketta ananishangaa: "Shoga, si umeulizwa wewe kwanza? Mbona umeikataa?"

Nikampigia Saimi. Akauliza, "Mama, alikuuliza?" Aliniuliza. "Ukasemaje?" Sikusema. Alicheka hadi akaketi sakafuni mwa lifti ya watu. Kisha akatulia, akanibembeleza: tangazo lina siku tatu tu, Mama, mlango wa Henrikka uko wazi, nenda useme neno moja, oveni. Mwanangu ana roho nzuri sana. Lakini hajui dunia ilivyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya tangazo. Henrikka kanikuta koridoni, akasimama. Akauliza kama nina neno. Nikamkazia macho. Sekunde thelathini, bila huruma.

Akashusha pumzi, akatabasamu. Akasema wenzangu wote wanamchosha kwa maneno, mimi peke yangu ninampumzisha. Akaniuliza kama naweza kuja ofisini kwake kila Jumatatu, robo saa, tukae tu. Bila kuzungumza.

Nimekubali, kwa kichwa. Mjinga yule! Robo saa kila wiki, ananiletea shingo yake mwenyewe. Kufika Pasaka atakuwa amepiga magoti.